Nani Atarudisha Udongo wa Mnyonya Damu

Nyinyi vijana mnaoweka sauti zenu za Kiswahili juu ya filamu kwa simu, mmeniomba niwaeleze tulivyoifanya kazi hii zamani. Nimechelewa kuwajibu. Niliandika jibu, nikalifuta, nikaandika lingine, kisha nikakaa nikijiuliza kama neno "zamani" linaweza kutumiwa na mtu ambaye hajaota hata mvi moja. Lakini nimestaafu kweli. Daktari wa koo aliniangalia kwa kioo chake kidogo, akasema nyuzi za sauti zimevimba, nichague kati ya mikro, kile kipaza sauti changu, na sauti yenyewe. Nilikuwa na maswali mengi ya kumuuliza, ila yeye mwenyewe alikuwa amenikataza kusema.

Kwa hiyo ninaandika.

Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kiti kando ya televisheni katika salle, ukumbi wa video, ya Mama Ngalula, hapa mtaa wa Manika, Kolwezi, na kuwaambia watu kwa Kiswahili yale ambayo watu wa filamu walikuwa wakisema kwa Kiingereza. Salle hapo awali ilikuwa ghala la unga. Mabenchi yalikuwa ya mbao, paa la bati, na mvua ikinyesha hukusikia kitu, hata ukipaza sauti ya kipaza mpaka mwisho. Siku za mvua niliacha kutafsiri, nikawa ninaonyesha kwa mikono tu: huyu anampenda yule, yule hataki. Watu walielewa. Wengine waliniambia baadaye kwamba nilikuwa afadhali wakati wa mvua.

Mambo madogo kwanza, maana ndiyo yanayomwokoa mtu. Kunyweni maji ya vuguvugu, si sucré, zile soda. Sukari inanata kooni na sauti inatoka na makunyanzi. Funikeni mikro kwa kipande cha sifongo. Msikae mkiwapa watu mgongo, kwa sababu nusu ya tafsiri iko kwenye nyuso zao. Na kama jina la mtu wa filamu limekuponyoka, muite kwa nguo yake: Mwenye Kofia, Mwenye Koti. Usimpe jina la mtaani. Mimi siku moja nilimwita mwizi mmoja Kalala, kumbe Tata Kalala, mzee mwuza mikate, yuko benchi la pili. Hakukasirika. Alikaa mpaka mwisho aone mwizi wake atafanywa nini, na mwizi alipokufa akanifuata mlangoni. "Prof," akaniambia, "kuniua, uliniua. Lakini hata bibi moja haukunipa?"

Prof ndilo jina nililopewa pale. Halikuwa sifa. Nitaeleza.

Kabla yangu, mikro ilikuwa ya Tata Kazadi. Alikuwa fundi wa lokomotivu kule Tenke, na alipoacha reli akaja Kolwezi kwa dada yake, akaanza kusemea filamu tangu wakati wa kaseti. Hakujua Kiingereza hata neno moja, na hakutaka kukijua. "Kiingereza kitanisumbua mu kazi," alisema. Aliangalia filamu mara moja peke yake, akala ndizi, akaamua hadithi ni ipi. Kwake yeye, kila vita vilikuwa kati ya walinzi wa mgodi na watu walioingia kuchimba bila ruhusa. Kila shujaa alikuwa na mama mkwe. Kuna siku alitangaza kwamba kijana na msichana wa filamu ni ndugu wa tumbo moja, na baada ya muda mfupi wakabusiana. Salle nzima ikaguna. Tata Kazadi hakusita hata kumeza mate: "Munaona sasa? Kule maternité walibadilisha batoto. Hawa hata si ndugu." Watu wakapiga makofi. Mimi ningezimia.

Mimi nilikuwa gradué, mhitimu wa chuo, wa Kiingereza. Diploma yangu ilikuwa ndani ya plastiki, na plastiki ilikuwa ndani ya bahasha. Nilikwenda kuomba kazi ya ukalimani kwenye kampuni moja ya mgodi, wakanipa sentensi moja nitafsiri. Nikawapa tafsiri tatu, kisha nikawaeleza udhaifu wa kila moja. Walinishukuru sana. Wakati huo nililala kwa shangazi yangu, na baba yangu, aliyekuwa fundi kwenye barrage, bwawa la umeme, ya Nzilo, alinipigia kusema kwamba chumba changu cha utotoni bado kipo na kimepakwa chokaa. Nilielewa. Kama nisingepata kazi kabla ya mvua kuanza, ningerudi Nzilo kukaa kwa baba na bahasha yangu, mtu mzima anayeulizwa kama ameoga.

Ndipo nikaenda kwa Mama Ngalula. Yeye ni wa familia iliyotoka mkoa wa Kasai. Babu yake aliletwa huku kufanya kazi ya mgodi, na yeye ni mfanyabiashara toka utotoni. Mlangoni mwa salle alikuwa na sufuria ya beignets, maandazi ya mafuta, na alijua kugeuza beignets, kupokea tiketi na kumkaripia mtu kwa wakati mmoja. Aliniangalia kuanzia viatu.

"Tata Kazadi anakohoa mu mikro," alisema. "Vumbi ya reli. Natafuta mutu mwenye kusikia Kiingereza kweli. Uko unasikia?"

Nilisema inategemea ni Kiingereza cha wapi.

"Ndiyo ao apana, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

Akanipa flashi. Ndani yake kulikuwa na filamu nyingi za kupigana ambazo zilikuwa zimeonyeshwa mpaka watu wanajua ngumi inayofuata, na moja ambayo hakuna aliyeigusa. Haikuwa na jina, namba tu. Ilikuwa filamu ya zamani kabisa ya Hollywood, nyeusi na nyeupe, ya mnyonya damu: bwana mkubwa mwenye koti refu, amekufa lakini hajakufa, mchana analala ndani ya sanduku, usiku anatoka kutafuta damu ya watu.

"Utasema hii," Mama Ngalula alisema. "Katikati ya juma, muchana. Bantu wakibaki mpaka mwisho, kazi ni yako. Wakitoka, tutaagana vizuri, na utakula beignet."

Tata Kazadi alikuwa amekaa pale akisikia. Hakuwa na kinyongo nami, au kama alikuwa nacho alikiweka mahali pazuri. "Filamu haina rangi," aliniambia, "haina kupigana, haina hata mwimbo moja. Mama anakufukuza na heshima."

Niliiangalia filamu ile kwa shangazi mpaka akaanza kufunga mlango wake kwa ufunguo. Niliandika kila sentensi kwenye karatasi, kwa Kiswahili cha vitabu. Nilijiuliza maswali. Je, nimuite "marehemu"? Lakini marehemu hatembei. Nimuite mutumbula, kama wale ambao wazee wa kambi za wafanyakazi walisema wanakamata watu gizani? Lakini wazee wangeogopa kweli, na Mama Ngalula alikuwa amenionya hataki neno hilo kwenye salle yake. Swali lililonikalia zaidi lilikuwa la masanduku. Mnyonya damu anahama nchi yake kwa meli, na hachukui dhahabu wala nguo. Anachukua masanduku ya udongo. Filamu inasema tu kwamba lazima alale juu ya udongo wa kwao. Kwa nini? Niligeuka kitandani nikiwaza, kisha nikajisuta: nani Manika atajali udongo?

Hapo ndipo nilipokosea zaidi kuliko popote, kama mtakavyoona.

Mchana wa katikati ya juma, salle yetu ilikuwa ya watu wa posti ya usiku, zamu ya usiku mgodini. Wanaume wanaoshuka zamu asubuhi, wanafika nyumbani, watoto wanapiga kelele, bati linachoma, usingizi unakataa. Wanakuja kwenye video kulala wakiwa wamekaa. Aliyewaongoza kwa mdomo aliitwa Ilunga, mtu wa mashine za kutoboa miamba, mwembamba, macho mekundu, na hakuna jambo lililompita bila kulitia neno. Siku hiyo pia alikuwepo Tata Mwepu, dereva wa lori kubwa la kubeba shaba kwenda mpakani. Lori lake lilikuwa gereji. Yeye alikaa nyuma, kofia juu ya goti. Tata Kazadi alikaa karibu nami "kusaidia". Mama Ngalula alikuwa mlangoni na uma wake wa beignets.

Nilianza kusoma karatasi zangu. Msafiri anafika kwenye kijiji cha milimani, wenyeji wanamwonya asiende kwenye ngome. Nilitafsiri vizuri sana. Hakuna aliyecheka wala kukohoa. Kisha msafiri akaingia ndani ya ngome, na hapo nikagundua kitu ambacho nilikuwa nimekiona mara nyingi bila kukifikiria: filamu zile za zamani zina ukimya mrefu. Mtu anatembea, anapanda ngazi, anaangalia utando wa buibui, na hakuna muziki, hakuna neno. Nami nilikuwa nimeandika maneno yao tu. Waliponyamaza, nikanyamaza.

Ukimya ukakua. Benchi likalia.

"Prof," Ilunga akaita, "mikro ilikufa, ao weye njo ulikufa?"

"Hawasemi kitu, tata."

"Basi weye banakulipa ya kunyamaza pamoja nabo?"

Walicheka, na jina likaninata. Tata Kazadi akanigusa ubavuni. "Sema ngazi," akanong'ona. "Sema buibui. Sema kitu tu." Nikasema: "Hizi ni ngazi." Ninawaambia ukweli, ndivyo nilivyosema. Mtu mmoja wa mbele alinijibu, "Aksanti, tuliziona."

Andikeni hilo mahali: ukimya wa filamu si ukimya wenu. Lakini pia si lazima muujaze wote. Nilihitaji miaka kujua ni upi wa kujaza.

Jua lilipozama kwenye filamu, mnyonya damu akafungua sanduku, akatoka, akanyoosha koti lake. Akaenda mjini. Kabla ya kupambazuka akarudi mbio, akaingia sandukuni, akafunga.

Ilunga akanyoosha kidole. "Huyu iko posti ya usiku."

Salle ikaamka. "Angalia macho yake," mwingine akasema. "Hii ni macho ya mutu anatoka chini." "Na hakuna mutu anamupikia." "Atapikiwa na nani? Akifika nyumba, bote banaenda kazi." "Njo maana anatafuta damu, chakula ilikuwa ya baridi."

Walikuwa wamenipa zawadi, nami nikairudisha. Nikasema kwenye mikro kwamba hapana, huyu si mfanyakazi, ni mtu wa tabaka la juu mwenye ardhi, na kutotoka kwake mchana kunatokana na sababu nyingine. Nikaanza kueleza sababu. Ilunga akafumba macho, na wawili wa benchi la kando wakasimama wakatoka. Nikaona Mama Ngalula akiwapisha, akinitazama juu ya mabega yao. Nikafikiria chokaa ya chumba cha Nzilo.

Kisha wazee wenye miwani wakaanza kumwinda mnyonya damu, na masanduku yakapakiwa melini. Moja likapasuka, udongo ukamwagika.

"Ile ni nini?" Ilunga akauliza, amefungua macho yote.

"Ni udongo," nikasema. "Udongo wa kwao."

"Udongo ya nini?"

"Udongo tu, tata. Analala juu yake."

"Apana, Prof. Mutu hawezi kupandisha udongo ya bure mu mashua. Iko na teneur ngapi?"

Kwa wale walio mbali nasi: teneur ni kiasi cha madini kilichomo ndani ya jiwe, na hapa Kolwezi ndilo swali la kwanza ambalo mtu huuliza akiona mfuko wa udongo. Mtu akihama na udongo, ni mfanyabiashara wa kobalti. Akihama nao gizani, ni mfanyabiashara asiye na karatasi. Mimi nilikuwa nimekaa siku nyingi nikiwaza juu ya udongo ule, na hilo halikunijia hata kidogo, mimi niliyezaliwa juu ya madini haya. Salle nzima iliona mara moja.

"Haina madini," nikasema.

"Unajuaje? Ulipima?"

Nikasema filamu haikutaja. Wakaguna. Mwingine akasimama. Hapo Tata Kazadi akaninyang'anya mikro.

"Bandugu," akasema, na sauti yake ikajaza bati, "huyu Prof anaogopa kusema, juu iko na masomo mingi. Ile ni kobalti, ya safi. Huyu patron anaikimbiza kule ng'ambo, na bale wazee wa miwani wanaomufuata, ni wanunuzi wenzake. Wivu tu."

Aliyesimama akakaa. Ilunga akapiga goti. Sijapata kuona kitu kama hicho: filamu nzima iligeuka mikononi mwa Tata Kazadi kama chapati. Msichana akiumwa shingo, ni deni la baba yake. Popo akipiga dirisha, ni askari wa mpakani anataka chake. Watu walikuwa wanafurahi, nami nilikaa na karatasi zangu nikifikiri kwamba hivi ndivyo mtu anavyopoteza kazi, akiwa mwenye haki na amekaa.

Lakini mimi nilijua kinachokuja, yeye hakujua. Hakuwa ameiangalia filamu hii, aliidharau. Ikafika sehemu ambapo wale wazee wa miwani wanaingia ghalani, wanavunja masanduku, wanamwaga udongo chini, wanaweka msalaba juu yake, wanaondoka. Hawachukui hata konzi moja.

Kicheko kikakatika.

"Tata Kazadi," Ilunga akasema polepole, "kobalti gani ile banaimwanga chini?"

Tata Kazadi alikohoa. "Ile... iko ya teneur ya chini."

"Kama iko ya chini, aliipandisha mu mashua juu ya nini?"

"Na musalaba ni ya nini?" mwingine akauliza. "Banabariki kobalti?"

Tata Kazadi alinigeukia. Alikuwa ametokwa na jasho. Nilimwona kwa mara ya kwanza kama mtu mzee. Akanipa mikro, na ilikuwa imelowa, tena ya moto kama mkate. Watu walikuwa wanainuka, mabenchi yakilia. Mama Ngalula alikuwa ameshika pazia la mlango.

Nilitazama karatasi. Hazikuwa na neno la wakati ule. Ninaweza kuwaambia kwamba niliamua, lakini sikuamua. Nilikuwa nimeogopa mpaka nimechoka kuogopa.

"Baba yangu alisafiri na mfuko wa udongo," nikasema.

Niliwaeleza hivi. Babu yangu alitoka Katanga ya kaskazini, akaja Nzilo, akafanya kazi kwenye barrage, akafia huko. Tulimzika Nzilo. Wa kwao wakatuma neno: mtu hawezi kulala ugenini milele, kama mwili hauji, udongo wa kaburi uje. Baba akachota udongo wa kaburini, akautia kwenye mfuko, akapanda treni. Tenke, pale pa kubadilisha treni, askari akaukamata mfuko. Mzito, mwekundu, umefungwa kwa kamba. Akaufungua. Akachukua konzi, akausugua vidoleni, akauangalia juani kama wanavyofanya wanunuzi.

"Akamuuliza baba yangu: Uko na nini humu? Baba akamujibu: Ni baba yangu."

Hakuna aliyekaa na hakuna aliyetoka. Walisimama tu, wengine mkono juu ya bega la mbele. Kwenye televisheni mnyonya damu alikuwa anapanda ngazi mbio, wale wazee wa miwani nyuma yake, na hatukumsaidia kwa neno.

"Askari alisema nini?" Mama Ngalula akauliza kutoka mlangoni.

"Hakusema kitu, mama. Aliurudisha ule uliokuwa mkononi, akapangusa vidole ndani ya mfuko ili usibaki hata kidogo. Akaufunga yeye mwenyewe. Fundo lake lilikuwa zuri kuliko la baba."

Nikaonyesha televisheni. "Huyu naye ni hivyo. Amekufa, lakini hakuna wa ukoo wake aliyembebea udongo. Anaubeba mwenyewe. Akikosa kuulalia, hana mahali."

Walikaa mmoja mmoja. Mama Ngalula akaacha beignets zake ziungue, harufu ikaingia mpaka ndani, na hakugeuka. Familia yake ilikuwa na watu waliozikwa mbali, njiani, wakati watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga na kupandishwa treni kurudi kule ambako wengi wao hawakuzaliwa. Hakuwahi kulizungumza nami, na sikuuliza, mimi ninayeuliza kila kitu.

Baada ya hapo sikutafsiri sana. Nilisema panapohitajika. Wazee wa miwani wakamkuta mchana ndani ya sanduku la mwisho lililobaki, na mmoja akatwaa kigingi cha mti na nyundo. Filamu ile haionyeshi pigo. Unasikia mlio tu. Ilunga alisimama.

"Banamuua mu usingizi?" akasema. "Mutu wa posti ya usiku, banamuua muchana akiwa amelala?"

"Alinyonya watu, Ilunga," mtu akamwambia.

"Najua alinyonya. Wangengoja aamuke, bamuambie."

Kisha filamu ikaisha ghafla, kama zinavyoisha zile za zamani. Msichana na mchumba wake wanapanda ngazi kwenda kwenye mwanga, basi. Kioo cheusi. Nilisogea kuzima, na ndipo swali likaja kutoka benchi la mbele, kutoka kwa yule aliyenijibu kuhusu ngazi:

"Prof. Na udongo yake? Nani ataurudisha?"

Nilitazama karatasi kwa mazoea. "Filamu haisemi," nikajibu.

"Haisemi, lakini itabaki pale? Mu nchi ya watu?"

Wakaanza kujadiliana. Mmoja alisema arudishe yule msichana, kwa kuwa ndiye aliyeokoka. Mwingine akasema msichana hajui njia. Ilunga alisema wazee wa miwani ndio waliovunja masanduku, warekebishe. Wengine walibisha kwamba mnyonya damu hastahili, na wakaulizwa kama wao babu zao wote walikuwa watakatifu. Wa kuja kuangalia mpira walikuwa wamefika, wanachungulia pazia, na wa ndani hawasogei. Mama Ngalula aliwaambia wa ndani watoke, hakuna aliyemsikia.

Ndipo Tata Mwepu, yule dereva, akainua kofia yake kwenye goti. Hakuwa amefungua mdomo tangu mwanzo.

"Mi nitaupeleka," alisema. "Lori inatoka gereji kesho. Muniambie tu ni barabara gani."

Hakuna aliyecheka. Mtu wa pembeni yake alimwambia, kwa upole, kwamba ni mbali, kuna maji katikati. Tata Mwepu alifikiri. "Basi mpaka pale barabara inaisha," akasema, akavaa kofia.

Walitoka wakiendelea kubishana mpaka barabarani, na Mama Ngalula alilazimika kuwasukuma wa mwisho kwa ule uma. Kisha akanigeukia. "Nilisema wabaki mpaka mwisho," alisema. "Sikusema walale humu." Alinipa beignet iliyoungua. Hivyo ndivyo nilivyojua kazi ni yangu, ingawa nilirudi kesho yake asubuhi kuuliza kama nimeelewa sawa.

Tata Kazadi alikausha mikro kwa shati lake, akaifunga waya kwa mtindo wake wa fundi, akaniwekea mkononi. "Usiisogeze karibu na meno," alisema. Ndiyo hotuba yote. Aliendelea kusemea filamu za kupigana kwa miaka, na mimi zile za maneno mengi, na tulipopata filamu yenye vyote viwili tulikaa wawili, mikro moja, tukinyang'anyana.

Jioni ile nilimpigia baba. Niliogopa, nilikuwa nimemweka babu ndani ya filamu ya mnyonya damu, mbele ya watu, kwa tiketi. Nilimweleza yote, na maelezo ya maelezo.

"Uliwaambia askari alifunga fundo vizuri?" akauliza.

"Niliwaambia, baba."

"Ee," alisema. "Alifunga vizuri."

Sasa nyinyi mnarekodi peke yenu chumbani, mmefunika kichwa kwa blanketi ili mwangwi usiingie. Sauti zenu ni safi kuliko zetu. Ninawasikiliza kwa simu, na kuna jambo moja linalonisumbua, nimeligeuza kila upande: hakuna anayewauliza teneur. Mkimaliza kurekodi, msitume kwanza. Mwiteni mtu mmoja, jirani aliyetoka zamu, aangalie mbele yenu. Akiuliza kitu ambacho filamu haisemi, msiharakishe kumjibu. Kaeni naye. Niliionyesha filamu ile mara nyingi baada ya siku hiyo, na kila mara swali la udongo lilirudi, na kila mara nilijibu kwamba filamu haisemi, kisha nikaiweka mikro juu ya televisheni na kungoja nani atainua mkono.